Pale Ilipogombana na Zama Zake: Kuitazama Star Trek kwa Macho ya Leo

Alhamisi usiku, tarehe 8 Septemba 1966, kituo cha NBC cha Marekani kilirusha sehemu ya kwanza ya tamthilia mpya iliyoitwa Star Trek. Katika sehemu hiyo, iliyopewa jina la "The Man Trap", yumo kiumbe anayeishi kwa kufyonza chumvi mwilini mwa watu. Huwanasa kwa hila moja: kila anayemtazama humwona mtu ambaye moyo wake unamtamani. Daktari wa chombo anamwona mwanamke aliyempenda ujanani. Ofisa wa mawasiliano, Luteni Uhura, anakutana kwenye korido na mwanamume mweusi mtanashati anayemsemesha kwa Kiswahili. Uhura anajibu kwa Kiswahili, kama mtu aliyepumbazwa.

Wakati huo Kenya ilikuwa haijatimiza miaka mitatu ya uhuru. Ndani ya Marekani yenyewe, katika majimbo kadhaa, mweusi na mweupe kuoana bado lilikuwa kosa la kumpeleka mtu mahakamani. Na usiku huo lugha ya Mombasa na Dar es Salaam ilisikika angani, katika karne ya 23, bila tafsiri na bila kuombewa radhi.

Tamthilia hiyo ilibuniwa na Gene Roddenberry, aliyekuwa rubani wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha askari polisi wa Los Angeles, kabla hajaingia kwenye uandishi. Ilidumu misimu mitatu, sehemu 79, ikafutwa mwaka 1969. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Chombo cha anga kiitwacho Enterprise, chenye watu 430, kinazunguka nyota za mbali chini ya Nahodha James Kirk. Pembeni yake yupo Spock, ambaye baba yake ni wa sayari ya Vulcan na mama yake ni wa duniani, pamoja na Daktari McCoy, mwenye hasira za karibu na huruma isiyokwisha. Baada ya kufutwa, vituo vya miji mbalimbali viliinunua na kuirudia jioni baada ya jioni, na ni katika marudio hayo ilipopata umma wake mkubwa.

Anayeitazama leo hupata tabu kuamua aipokeeje. Ndani ya dakika hamsini anaweza kushangazwa na ujasiri wa waandishi, akaona haya kwa niaba yao, kisha akashangazwa tena. Hoja ya makala haya ni kwamba mambo hayo hayatokei ovyo. Pale Star Trek ilipogombana na zama zake, hata kama ugomvi wenyewe ilishindwa, bado ina uhai. Pale ilipozipokea zama zake kama mtu avutavyo hewa, bila kuuliza, hapo ndipo ilipochakaa.

Uchakavu huo hauko kwenye kadibodi, ingawa kadibodi ndiyo inayochekwa kwanza. Kila sehemu ilitengenezwa kwa chini ya dola 200,000, na sayari nyingi zilijengwa ndani ya studio, mbingu ikiwa ni ukuta uliomulikwa kwa taa nyekundu au za zambarau. Baadhi ya vifaa vya Daktari McCoy ni vichupa vya kunyunyizia chumvi mezani. Vilinunuliwa kwa ajili ya ile "The Man Trap", vikaonekana vya ajabu mno kiasi kwamba mtazamaji asingetambua kuwa ni vya chumvi, vikahamishiwa zahanati ya chombo na kuwa zana za tiba. Ile mashine maarufu inayomyeyusha mtu kuwa nuru na kumuunda upya kwenye sayari nyingine ilizaliwa na ufukara: kuonyesha chombo kikitua kila wiki kungekula fedha nyingi. Hata mashati yenye rangi za kuwaka yana sababu ya kibiashara, kwani NBC ilikuwa mali ya RCA, kampuni iliyokuwa ikiuza televisheni za rangi.

Mwaka 2006 picha za anga za tamthilia hiyo zilianza kutengenezwa upya kwa kompyuta. Sayari sasa zinang'aa na chombo kinapinda vizuri. Hadithi zenyewe hazikupata nguvu zaidi hata chembe. Watu waliokulia kwenye ngano za jioni, ambako zimwi, bahari na jumba la sultani vyote vilitoka katika sauti ya bibi mmoja, hawana haja ya kuelezwa kwa nini.

Aibu ya kweli iko kwingine, na kubwa kuliko zote inahusu wanawake.

Katika sehemu ya majaribio ya kwanza, "The Cage", iliyokamilishwa mwaka 1965, msaidizi mkuu wa nahodha ni mwanamke. Hana jina, anaitwa Namba Moja tu. Amevaa suruali kama wenzake, ni mtulivu, na nahodha anapotekwa, yeye ndiye anayetoa amri. NBC iliikataa sehemu hiyo na kuagiza nyingine, na Namba Moja akatoweka. Kwa miaka mingi Roddenberry alisimulia kwamba wakubwa wa kituo hawakuweza kumvumilia mwanamke mwenye madaraka makubwa hivyo. Herbert Solow, aliyekuwa akisimamia tamthilia hiyo upande wa studio ya Desilu, aliandika baadaye jambo tofauti: kituo hakikuwa na ugomvi na mwanamke mwenye cheo, kilimkataa mwigizaji aliyechaguliwa, Majel Barrett, kwa sababu alikuwa mpenzi wa Roddenberry. Kwa vyovyote, utulivu wa Namba Moja aliurithi Spock, na wanawake wa Enterprise wakavishwa vimini.

Vimini hivyo vinahitaji uangalifu, maana hapa jicho la leo linaweza kuteleza. Grace Lee Whitney, aliyeigiza kama Janice Rand, karani wa nahodha, alivipenda, na Nichelle Nichols, aliyeigiza kama Uhura, naye hakuona kwamba anadhalilishwa. Katika miaka ile msichana wa London au New York aliyevaa kimini alikuwa akimwambia mama yake kwamba zama zimebadilika. Dar es Salaam nako vazi hilohilo lilizua vita: mnamo Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kampeni ya kupiga marufuku vimini na mavazi mengine yaliyohesabiwa kuwa ya kikoloni. Kwa hiyo kitambaa chenyewe hakitoshi kuwa ushahidi. Cha kutazama ni wanawake hao wanaruhusiwa kufanya nini wakiwa wamekivaa.

Na hapo majibu yanauma. Katika "The Enemy Within", ya Oktoba 1966, hitilafu ya mashine inamgawa Kirk kuwa watu wawili, mmoja mpole na mmoja katili. Yule katili anamvamia Rand chumbani mwake. Tukio lenyewe limeandikwa kwa uzito unaostahili, na hofu ya Rand ni ya kweli. Kisha anatakiwa kueleza yaliyompata mbele ya Kirk mwenyewe, mwenye sura ileile iliyomshambulia. Mwishoni kabisa Spock anamtupia neno la utani kwamba yule mwigo wa nahodha alikuwa na sifa za kuvutia. Whitney aliulalamikia mstari huo katika kitabu cha maisha yake miongo mitatu baadaye, na alikuwa na kila haki. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya katika chumba cha waandishi. Walikuwa wamelala tu.

Usingizi huo unafika kikomo chake katika sehemu ya mwisho kabisa, "Turnabout Intruder", iliyorushwa tarehe 3 Juni 1969. Mwanasayansi Janice Lester anabadilishana mwili na Kirk kwa sababu, kama anavyosema mwenyewe, ulimwengu wa manahodha wa vyombo vya anga hauna nafasi kwa mwanamke. Malalamiko hayo yalistahili kusikilizwa. Badala yake anaonyeshwa kama mwendawazimu, na akili zake zinamruka mara tu anapokalia kiti cha nahodha. Tamthilia iliyofikiria safari za kasi kuliko mwanga haikuweza kufikiria mwanamke akiwa nahodha wa Enterprise. Inasikitisha zaidi mtu akikumbuka kwamba mmoja wa waandishi wake bora, Dorothy Fontana, alikuwa akiandika kwa herufi za mwanzo tu, D. C. Fontana, ili jinsia yake isimponze mbele ya wasomaji wa miswada.

Uhura ni kisa kirefu zaidi, maana ndani yake usingizi na ugomvi vinaishi pamoja.

Nichols alikwenda kufanyiwa majaribio akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, inayohusu Kenya. Mazungumzo juu ya kitabu hicho ndiyo yaliyompa mhusika jina, likalainishwa irabu ya mwisho. Ikaamuliwa kwamba anatoka Muungano wa Mataifa ya Afrika, na kwamba Kiswahili ndiyo lugha yake ya kwanza. Haya yalikuwa mambo makubwa. Afrika ya karne ya 23 katika tamthilia hii imeungana, imesomesha watoto wake, na imempeleka binti yake kwenye daraja la kuongozea chombo, si kama mtumishi wa mtu. Katika "The Changeling", ya Septemba 1967, mashine inafuta kumbukumbu zake zote, na anapofundishwa kusoma upya Kiswahili kinamrudia mdomoni, na inapasa aelekezwe arudi kwenye Kiingereza. Mtazamaji wa Tanga au Kisumu atasikia mara moja kwamba matamshi si ya pwani wala ya bara. Lakini hoja ya waandishi ni sahihi: lugha ya mama haifutiki kirahisi.

Pamoja na hayo, hesabu ya kazi anazopewa ni ya kusikitisha. Wiki baada ya wiki Uhura hufungua masafa ya redio, hutangaza kwamba hakuna jibu, hushika kifaa sikioni na kugeuka. Msimu wa kwanza ulipokwisha Nichols aliamua kuondoka kwenda jukwaani Broadway. Alisimulia mara nyingi kilichofuata: katika hafla ya chama cha haki za weusi, NAACP, aliambiwa kuna shabiki anataka kumwona, akageuka na kumkuta Martin Luther King. King alimsihi asiondoke. Alimwambia kwamba kwa mara ya kwanza watu weusi walikuwa wakionekana kama wanavyostahili kuonekana, na kwamba Star Trek ilikuwa tamthilia ambayo yeye na mkewe Coretta waliwaruhusu watoto kukesha wakiitazama. Nichols akabaki.

Kubaki kwake kulileta sehemu ya "Plato's Stepchildren", tarehe 22 Novemba 1968, na lile busu kati ya Kirk na Uhura linalotajwa kila mahali. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imefuta sheria za kukataza ndoa za weusi na weupe mwezi Juni 1967, kwa hiyo wino ulikuwa haujakauka. Nichols alieleza kwamba wakubwa walitaka tukio lipigwe pia bila busu, ili vituo vya kusini visikasirike, na kwamba William Shatner, aliyeigiza kama Kirk, aliiharibu picha hiyo ya pili kwa makusudi kwa kukengeza macho. Mtazamaji wa leo huona kitu ambacho sifa za busu hilo hukisahau: wawili hawa hawabusiani kwa hiari. Watawala wa sayari hiyo wana nguvu za akili za kuisukuma miili ya wengine, na wanawachezesha mateka wao kama vikaragosi ili wafurahi. Nchini Uingereza BBC haikuirusha sehemu hiyo kwa miongo miwili na zaidi, na sababu iliyotolewa ilihusu mateso na ukatili. Hivyo basi kuna ushindi mle ndani na kuna woga pia, maana waandishi walihitaji mazimwi yawalazimishe wahusika kufanya walichoogopa kuwaacha wafanye wenyewe. Lakini uso wa Uhura, anapomwambia Kirk kwamba haogopi, ni uigizaji ambao muda haujaugusa.

Matunda ya kazi yake yaliota nje ya televisheni. Mwaka 1977 Nichols aliajiriwa na shirika la anga la Marekani, NASA, kuhamasisha wanawake na watu wasio weupe waombe kuwa wanaanga. Januari 1978 shirika hilo lilitangaza wanaanga wapya 35, wakiwemo wanawake sita na wanaume weusi watatu. Miongoni mwao walikuwa Sally Ride, Guion Bluford na Ronald McNair. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani, aliyeruka Septemba 1992, alisema wazi kwamba utotoni alikuwa akimtazama Uhura. Kuna kazi chache sana za sanaa ambazo athari yake inaweza kuonyeshwa kwa majina ya watu waliorushwa kwa roketi.

Pembeni ya Uhura alikaa Sulu, rubani wa chombo, aliyeigizwa na George Takei. Takei alikuwa mtoto mdogo serikali ya Marekani ilipoifungia familia yake katika kambi za watu wenye asili ya Japani, kwanza Rohwer, Arkansas, kisha Tule Lake, California. Msimu wa pili ulimleta Chekov, kijana wa Kirusi, wakati Washington na Moscow zilikuwa zimeelekezeana makombora ya nyuklia. Yupo kando ya Sulu, anafanya kazi yake, na kila mara anajisifu kwamba kitu fulani kiligunduliwa Urusi.

Ugomvi mkubwa kuliko wote wa miaka ile ulikuwa Vietnam, na Star Trek iliuingia kwa mlango wa mbele. "A Private Little War" ilirushwa tarehe 2 Februari 1968, siku chache tu baada ya mashambulizi ya Tet kuanza. Kirk anarudi kwenye sayari ya watu wenye pinde na mikuki, anakuta kijiji kimoja kimepewa bunduki na Waklingoni, ambao ndio mahasimu wakubwa wa nchi yake. Anaamua kuwapa watu wa upande wa pili bunduki za aina ileile, ili mizani ikae sawa. McCoy anapiga kelele kwamba huko ni kuua watu pole pole kwa miaka na miaka. Vietnam haitajwi kwa jina, lakini vita vya bara la Asia vya karne ya 20 vinatajwa waziwazi.

Kwa msomaji wa Afrika, ambako nchi kama Angola na Msumbiji zilikuja kujua mizani hiyo ilikuwa na uzito gani, jibu la Kirk ni baya. Lakini sehemu hiyo haimpongezi. Anapoagiza bunduki mia moja zitengenezwe, anazilinganisha na nyoka wanaoingizwa bustani ya Edeni, kisha anaomba arudishwe chomboni kwa sauti ya mtu aliyechoka. Ni ugomvi ulioshindwa, na bado mtu hawezi kuondoa macho.

Wapo wanaoipima bunilizi ya kisayansi kwa utabiri. Kwa kipimo hicho Star Trek inapata alama za ajabu. "Space Seed", ya Februari 1967, inasema kwamba katika miaka ya 1990 dunia ingekumbwa na vita vya watu waliozalishwa kitaalamu ili watawale wengine. Miaka hiyo ilikuja ikapita, na Khan, mbabe wa watu hao katika hadithi, hakutokea. Kinachobaki ni hofu ya kizazi kilichokuwa kimewaona Wanazi wakichambua watu kama mbegu, na hofu hiyo haihitaji tarehe.

Kwa sababu hiyo sehemu inayostahili kutazamwa kuliko zote leo ni "The Ultimate Computer", ya tarehe 8 Machi 1968, iliyoandikwa na D. C. Fontana kutokana na kisa cha Laurence Wolfe. Kompyuta mpya, M-5, inafungwa kwenye Enterprise kwa majaribio. Chombo cha watu 430 sasa kitaendeshwa na watu 20. Kirk anabaki amekaa kwenye kiti chake bila kazi, na mkuu wa meli za majaribio, Komodoo Wesley, anamtania kwa jina la kitu kisicho na matumizi. Hofu anayoieleza Kirk kwa McCoy ni ya mtu anayeona ufundi wa maisha yake ukichukuliwa na mashine. Leo karani, mtafsiri, mchoraji na mwanasheria kijana wanaijua hofu hiyo kwa majina ya programu za akili mnemba.

Mvumbuzi wa M-5 ni Dakta Richard Daystrom, na aliyemwigiza ni William Marshall, mwigizaji mweusi mwenye sauti ya kutikisa kuta. Hakuna anayeigusia rangi yake. Katika Marekani ya mwezi ule, wiki nne kabla ya King kuuawa Memphis, gwiji mkubwa kuliko wote wa kompyuta katika hadithi ni mtu mweusi, na hadithi inaendelea na mambo mengine. Wala hakuumbwa malaika. Alipata tuzo kubwa akiwa na miaka ishirini na kitu, kisha akaishi robo karne akinung'unikia wenzake wanaojenga juu ya kazi yake na kumcheka nyuma ya mgongo. Mashine yake aliifundisha kwa kunakili mifumo ya akili yake mwenyewe, na pamoja na ujuzi ikarithi kidonda. M-5 inataka kujilinda kama Daystrom anavyotaka kulinda jina lake. Katika mazoezi ya kivita inashambulia meli za upande wake kwa silaha za kweli na kuua watu wote wa meli ya Excalibur.

Waandishi wa 1968 hawakujua lolote kuhusu mifumo ya leo inayojifunza kutoka katika mabilioni ya sentensi za watu. Walichokuwa nacho ni swali sahihi: mashine inayoigiza fikra za binadamu inachukua nini kingine kutoka kwake?

Kirk anaishinda M-5 kwa mazungumzo. Anaiuliza adhabu ya mauaji ni nini, na kwa kuwa Daystrom alikuwa mcha Mungu, mashine inajibu kwamba ni kifo, inajizima na kuacha chombo wazi bila ngao. Wesley, ambaye ameshapewa ruhusa ya kuiangamiza Enterprise, anasita, hafyatui. Daystrom amepagawa, anapelekwa kutibiwa. Ni tamati iliyosukwa vizuri, na jicho la leo linapata ndani yake pengo moja. Amri ya kuifunga M-5 kwenye Enterprise ilitoka makao makuu. Makao makuu ndiyo yaliyoiunganisha na silaha zenye uwezo wa kuua, yakapunguza watu wa kuizuia hadi 20, na kuchagua meli zilizojaa mamia ya mabaharia ziwe shabaha ya mazoezi. Katika dakika hizo hamsini mvumbuzi anahojiwa, nahodha anahojiwa, mashine yenyewe inahojiwa mpaka inajiua. Ofisi iliyotia saini haiulizwi chochote.